Kalamu za Mtaa wa Sikukuu

Mbaruku Zahoro alikereza mpingo katika ushirika wa mafundi, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Bega lake la kulia liliwahi kuvunjika bandarini, likaungwa vibaya. Kuinua tezo hakuweza. Kwenye mashine ya kukerezea bega halina kazi kubwa. Mkono unatulia, mti ndio unaozunguka.

Mwaka ule wa sabini na sita walikuwa wakitengeneza kalamu za kuzungusha: ukisokota nusu ya juu, ncha inatoka, ukirudisha, inaingia. Ijumaa afisa angekuja kuzikagua. Zikifaulu, mashine ingebaki. Zikishindwa, ingehamishiwa karakana ya vitanda Ilala, na Mbaruku angeungana na wenzake kuchonga mipini ya majembe kwa tezo.

Vyuma vya ndani vilikuja kwa mizigo miwili. Bomba la shaba hubandikwa kwa gundi ndani ya mpingo, kisha kizungushio hushindiliwa ndani ya bomba. Macho hayakuona tofauti, lakini vidole vya Mbaruku viliiona: mabomba ya mzigo wa pili yalikuwa mapana zaidi kwa unene wa unywele, na vizungushio vyake vinene kwa kiasi hicho. Basi, mabomba yalipokwisha kubandikwa, akafunga kila kizungushio kwa uzi pamoja na mwili wa kalamu wenye bomba la mzigo uleule, akavihifadhi kwenye kopo.

Mwenyekiti Leodegar aliliona kopo mbele ya mkutano.

“Ndugu Mbaruku, ushirika hauna kopo la mtu. Au umefungua duka?”

Watu wakacheka. Mbaruku alijaribu kueleza habari ya unywele.

“Unywele!” akadakia mtu wa nyuma. “Mwenzetu kawa kinyozi!”

Kuitwa mchoyo mbele ya watu kulimchoma. Hoja ya kuvifanya vyuma kuwa vya wote ilipopigiwa kura, naye akanyoosha mkono kuiunga. Nyuzi zikakatwa, vyuma vyote vikamwagwa katika sanduku la wote, na Jumanne ukaitishwa msaragambo, kazi ya pamoja, ili fundi asaidiwe. Walikuja kwa moyo mweupe, wakiimba, na kabla ya adhuhuri kalamu zote zilikuwa zimeshindiliwa kwa jiliwa na nyundo. Mbaruku aliwagawia maji ya kunywa.

Jumatano alikaa na Clotilda, mpiga msasa, wakazijaribu.

“Shikamoo, Baba Sitara.”

“Marahaba,” Mbaruku akaitikia. “Nipe hiyo.”

“Hii inazunguka tu, ncha haitoki. Bibi harusi huyu, anataka kutunzwa kwanza.” Akachukua nyingine. “Na hii imepasuka ubavu.”

Mbaruku hakucheka. Alibadilisha wino kwanza, maana ndio ulio rahisi kutoa. Ncha ikabaki ndani. Akakishika kizungushio kwa koleo, akazungusha: kilicheza ndani ya bomba. Chembamba katika bomba pana. Ile iliyopasuka ilikuwa kinyume chake, kinene kilicholazimishwa katika bomba jembamba. Akajaribu kukivuta chembamba akibadilishe. Ukingo wake, uliopondwa na nyundo, ulikuwa umenasa mdomoni mwa bomba: kilitoka pamoja na bomba, na bomba likatoka na kipande cha mpingo.

“Tusizivue tena,” alisema.

Wakapenyeza karatasi ya sigara kuvizunguka vilivyolegea, bila kuvitoa. Vilishika, vikazunguka vizuri, kisha karatasi ikalainika na ncha ikazama. Nyufa walizijaza vumbi la mpingo na gundi. Zikafumuka pale kalamu iliposokotwa. Mpingo mwingine haukuwepo, na kibali cha kuuleta kilikuwa hakijatoka.

“Si umwambie Mwenyekiti?” Clotilda aliuliza.

“Nimwambie nini, mwanangu? Mkono niliunyoosha mwenyewe.”

Ijumaa afisa aliokota kalamu moja, akasokota, ncha ikatoka. Leodegar akatabasamu. Ya pili ikazunguka bure. Ya tatu ikalia *ta!* mkononi mwake. Akaziweka mezani polepole, akajifuta wino kidoleni.

“Mbona zingine nzima, Ndugu Fundi?”

“Hizo zimebahatika, mzee.”

Leodegar alimtazama Mbaruku, kisha akatazama chini. Huenda unywele ule alikuwa ameanza kuuona.

Jumatatu vijana wa Ilala walikuja na mkokoteni, wakaifungua mashine skrubu kwa skrubu. Mbaruku aliwaonyesha upande wa kuishika, isije ikapinda mhimili. Kisha akakaa kwenye safu ya wachonga mipini, akapewa tezo. Alipiga mara chache, akahamishia mkono wa kushoto. Tezo likateleza, likachana mti kinyume cha nyuzi zake. Jirani yake alisogeza gogo lake kando, apate nafasi ya kukosea.