Nyumba Mbili za Mwisho

Caleb Andati alimzika mkewe Jerusha mwezi wa pili, na wiki iliyofuata akarudi kazini. Julai ya mwaka huo, 1983, mradi wa nyumba ulimpa kipimajoto, mizani na fomu. Kila asubuhi alizunguka Dandora akipima baridi ndani ya nyumba za mabati na uzito wa makaa yaliyochomwa. Hesabu zikiingizwa kwenye kompyuta, ingeonyesha nyumba zipi ziwekewe dari kwanza.

Alipima, akaandika. Watu walimpa pole, akaitikia.

Kwa Shosho Nduta, bibi mjane aliyeishi peke yake, gunia la makaa halikupungua hata kidogo kwa wiki tatu.

"Shosho, huwashi jiko?"

"Nimwashie nani, mwanangu? Jirani ananiletea uji."

Andati akaandika sifuri.

Orodha ilipotoka, Muasya, injinia wa mradi, aliifurahia. "Tazama hizi mbili za mwisho. Hazitumii makaa kabisa. Hizo hazihitaji dari."

Andati alisoma namba za nyumba. "Hazitumii kwa sababu hakuna anayewasha jiko. Ndani ni nyuzi kumi na moja alfajiri. Hii ni ya ajuza mmoja."

"Na hii nyingine?"

"Yangu."

Muasya aliiweka orodha mezani. Kisha akauliza, "Tufanyeje?"

"Makaa yasihesabiwe peke yake. Angalieni baridi kwanza."

Alisema hivyo kama mtu anayesoma fomu. Kadi za kompyuta zikatobolewa upya, zikarudishwa kwenye mashine. Nyumba ya Nduta ikapanda hadi ya kwanza. Ya Andati ikawa ya nne.

Mafundi walipomaliza kwa Nduta, Andati alikwenda kupima. Bibi alikuwa amekaa bila shuka mabegani.

"Nyuzi kumi na nne," Andati alisema.

"Sijui nyuzi, lakini magoti yamenyamaza. Kwako je, baba?"

"Wanakuja Alhamisi."

Alhamisi akasogeza kitanda ili ngazi ipite. Nguo za Jerusha zilikuwa msumarini. Akazitoa, akazishika mkononi mafundi wakigongomea mbao, kisha akazitundika palepale. Kesho yake alfajiri akasoma kipimajoto: kumi na nne. Alingoja aone kama atahisi chochote. Akaandika namba, akavaa koti, akaenda nyumba inayofuata.