Majani Makavu ya Upande wa Baba Mdogo

Siku simbilisi walipoingia nyumbani kwetu tulikuwepo mimi, mdogo wangu wa kiume, mdogo wetu wa mwisho wa kike, bibi wa ng'ambo ya mfereji, mama wa karanga aliyewaleta ndani ya kikapu, na baba mdogo, ambaye alisimama mlangoni bila kuvua kofia. Katika hao, ninaojua kuwa wapo ni sisi watoto tu, na watoto wenyewe sasa tuna mvi.

Nimewakumbuka wote juzi, nilipokwenda mjini kwa mwanangu. Wajukuu wamenunuliwa simbilisi wawili, wadogo kama panya wasio na mkia, na ndani ya kizimba wametandikiwa maranda meupe ya dukani. Niliinama nikayanusa. Mkwe wangu alicheka, akaniuliza natafuta nini. Nilimwambia naangalia kama ni ya mtarakwa. Akasema ni ya simbilisi, mama, yameandikwa kwenye mfuko. Nikanywa chai yangu.

Wakati ule baba na mama walikuwa wamekwisha kufa, mmoja hakukawia baada ya mwenzake, nami nilikuwa nimeacha shule darasa la sita. Nilikuwa nikiteremsha ndizi kuuza sokoni Kiboriloni. Aliyekaa jirani yangu pale chini alikuwa mama wa karanga, mtu wa Njombe, mpangaji wa Pasua, ambaye mume wake alifanya kazi kwenye mashamba ya miwa kule tambarare. Asubuhi, tukisimama kihambani kwetu kati ya migomba na kahawa, tuliyaona mashamba hayo yote yakiwa kijani huko chini. Sukari yenyewe tuliipangia foleni.

Mama wa karanga alinisikia nikisimulia kwamba mdogo wetu wa mwisho hachezi tena wala hacheki. Kwao kila jiko lina simbilisi, alisema, na mtoto hawezi kununa mbele yao. Akapanda nao mwenyewe, dume na jike. Alitaka kutupa bure, lakini bibi wa ng'ambo ya mfereji akakataa. Alisema wawekwe, kama ng'ombe anavyowekwa. Huku mlimani, mwenye ng'ombe asiye na majani ya kutosha humweka kwa jirani. Jirani hupata maziwa na samadi, na mnyama hubaki wa mwenyewe. Akifa, aliyewekewa huchukua ngozi na shahidi, akaenda kwa mwenye mali.

Baba mdogo aliguna. Ng'ombe wetu mmoja, aliyeachwa na mama, alikuwa amemwondoa baada ya mazishi na kumweka kwa watu wengine, akisema watoto hawawezi ng'ombe. Bila maziwa yake wadogo zangu walikunywa uji mweupe, na bila samadi yake migomba ilianza kutoa mikungu kama ya kuchezea. Nilikuwa nimemwomba amrudishe, naye hakunijibu. Siku ile alijibu.

"Tuone kwanza na hawa panya," alisema. "Mkiwashinda hawa, ng'ombe nitamleta."

Mdogo wangu wa kiume aliwapa majina. Dume akawa Balozi, kwa sababu alitangulia kila mahali na hakufanya kazi yoyote, na jike akawa Katibu, kwa sababu alikuwa akisaga kitu mdomoni siku nzima kama anayesoma taarifa. Waliishi jikoni, pembeni mwa mafiga, na asubuhi waliposikia kisu kikikata majani walipiga miluzi. Mdogo wetu wa mwisho alianza kuwajibu kwa mluzi. Halafu akaanza kuongea nao, na baadaye na sisi.

Kazi ilikuwa kuwatandikia. Mama wa karanga alisema simbilisi huugulia chini: pawe pakavu, pasiwe na vumbi, pasinuke, na ikumbukwe kwamba anacholalia atakila. Nilianza na maranda kutoka kwa fundi wa Majengo, gunia zima la bure, mekundu, yanayonukia kama sanduku la bibi harusi. Yalikuwa ya mtarakwa. Kesho yake Katibu alipiga chafya na macho ya Balozi yakatoa machozi, nikayatoa yote nikawashia moto. Maganda ya kahawa yalishika unyevu, yakaota ukungu mweupe. Nyasi za kando ya mfereji zilikuwa laini lakini hazikukauka hata kwa moshi wa jikoni. Mwisho nikarudi kwenye kitu kilichokuwa kikining'inia mbele ya macho yangu muda wote, majani makavu ya mgomba. Tuliyachana vipande vyembamba, tukayapiga kutoa vumbi, tukatandika tabaka nene. Jikoni palinukia kama godoro jipya. Walijichimbia humo wakabaki pua tu.

Hivyo wakakaa vizuri mpaka masika. Mvua ililowesha majani yote ya upande wetu. Mdogo wangu akavuka mstari wa isale, miti yetu ya mpaka, akachuna makavu yaliyokingwa na mti mkubwa upande wa baba mdogo. Tangu zamani tulichuna huko, hakukuwa na wa kutukataza. Kesho yake Katibu hakula. Jioni alikuwa amekufa, tumbo limekaza. Balozi, mvivu hata wa kutafuna, alisalimika.

Bibi wa ng'ambo ya mfereji alikuja akamchuna kwa kisu cha ndizi, akaifunga ngozi kwenye jani bichi. Kisha akamwita baba mdogo, akamwambia mnyama wa kuwekwa amekufa na shahidi ni yeye.

"Shahidi wa panya, mama?"

"Wa mali ya mtu. Vaa viatu."

Tukateremka. Baba mdogo alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kofia na koti, na pale Kiboriloni alijulikana. Wauza ndizi walimwamkia shikamoo, wakaona kifurushi, wakataka kujua. Mmoja aliuliza kama ngozi hiyo itatosha kuwambia ngoma. Mwingine akasema muulizeni nyama kamgawia nani. Baba mdogo alitazama mbele tu.

Mama wa karanga hakucheka. Alifungua jani, akaigeuza ngozi, akayatazama manyoya ya miguuni.

"Alilalia nini, mwanangu?"

Nilimwambia majani ya mgomba. Akalowesha kidole kwa mate, akasugua, akanionyesha. Kidole kilikuwa na rangi ya buluu.

"Hii ni nini?"

Niliijua. Kila mtu wa kahawa anaijua. Ni mrututu, dawa ya kupulizia kahawa, na kwa kuwa kahawa yetu hukaa chini ya migomba, bomba likipita, majani makavu nayo hunywa. Sisi mwaka ule hatukuwa na dawa wala bomba.

"Dawa ni yangu," alisema baba mdogo. "Nilipulizia juzi."

"Basi deni ni lako, baba. Utanipa jike."

Akaanza kukubali kwa kichwa. Hapo nikasema, na sijui sauti niliitoa wapi, kwamba hapana, waliwekwa kwangu, atakayeleta jike ni mimi. Mama wa karanga akatutazama kwa zamu.

"Haya," akaniambia. "Nakudai wewe."

Tulipanda mlima. Wiki iliyofuata nilisikia kwato uani. Baba mdogo alikuwa amemleta ng'ombe wetu, akamfunga mahali pake pa zamani, akaomba maji ya kunywa, akaondoka.

Jike hakupatikana upesi. Nilikuja kumpata kwa mwalimu mmoja, nikateremka naye Pasua kwenye kikapu. Mlango ulifunguliwa na mpangaji mwingine. Kazi ya yule mume ilikuwa imekwisha, wakarudi kwao, na jina la kijiji hakuna aliyelijua. Nikapanda naye tena.

Huyo alizaa na Balozi, na simbilisi wengi wa mteremko ule walitokana nao, mpaka watu walipoacha majiko ya mafiga na wanyama wakakosa pa kukaa. Kahawa nayo tuling'oa. Watu wa Njombe bado nawauliza ninapokutana nao, wengine hucheka. Jike mmoja sijamrudisha.