Sauti Yangu ya Tumboni Ukweni

Mnaoniuliza mbona siendi tena Bunda kwa mchumba, haya, nawaambia. Sina uso wa kurudi kule.

Mwalimu wetu wa karate hapa Musoma husema ngumi isiyo na sauti ni kupapasa tu. Vuta pumzi, ishushe tumboni, kisha itoe yote kwa ukelele. Basi juzi nimelala ukweni nikingoja jibu la posa. Alfajiri nikavaa nguo zangu za karate, nilizoshonesha kwa mifuko ya unga wa msaada maana madukani hakuna kitambaa, nikaenda nyuma ya zizi kufanya mazoezi.

Sijamaliza, kijiji kizima kiko nje na mikuki. "Yowe limepigwa! Ng'ombe wameibwa!"

Ng'ombe wa mzee, baba mkwe wangu, walikuwemo zizini, watu wakajua ameibiwa jirani. Nikakimbia nao, tena mbele, mpumbavu mimi! Baba mkwe akahema, nikamfundisha kupumulia tumboni.

"Asante, mkwe wangu," akasema. Hajawahi kuniita hivyo.

Tukafika vichakani, alama ya kwato hakuna.

"Wanajifichaga humu," mmoja akanong'ona.

"Niacheni niwatoe," nikasema. Nikavuta pumzi, nikaishusha, nikapiga ukelele wangu wote.

Ndege wakaruka. Mwizi hakutoka. Nilipogeuka, wanaume wote walikuwa wananitazama mimi, mikuki bado mikononi.

Mzee akapumua taratibu, kutoka tumboni, kama nilivyomfundisha.

"Kijana," akasema, "hilo ndilo yowe lililotuamsha."