Nimekimbia na viatu vya mkwe Mto Mkondoa

Leo nimemwibia mkwe wangu viatu.

Msinitukane kwanza. Someni.

Binti yangu Rehema kaolewa na Mwitaliano. Mama wa kijana kaja Kilosa kutusalimu, nami nikajitapa kwamba Kiitaliano nakijua. Kweli nakijua, ila cha mvua na jua tu. Nilikiokota Mikumi nikiwapikia mafundi wa barabara wa Kiitaliano, na wale kila asubuhi hawakuuliza kingine.

Basi Rehema yuko sokoni, mama kavua viatu kashuka mtoni kupiga picha. Jua kali, maji yanafika vifundoni tu.

Nikatazama milimani. Kweusi tii. Ikinyesha kule, huku mto unakuja bila kubisha hodi.

Nikamwonyesha kule. "Piove." Yaani mvua inanyesha.

Akatazama juu ya kichwa chake, akacheka. "No, no. Sole." Jua, anasema.

Nikarudia. Akanipiga picha.

Na mkwe humshiki mkono ukamvuta, mnajua wenyewe. Nikakwapua viatu vyake, nikapanda ukingo mbio, mzee mzima. Akanifukuza huku akifoka Kiitaliano ambacho hakikuwa cha hali ya hewa.

Tulipofika juu tu, maji yakapita, mekundu, yamebeba magogo.

Mama akakaa chini. Kisha akasema polepole, "Piove."

"Piove, mama," nikamjibu.

Viatu bado ninavyo. Jamani, mkwe anarudishiwaje viatu? Mimi naona haya.