Karatasi ya Kumgeuza Mgonjwa

Nilianza kazi ya muuguzi msaidizi nikiwa na miaka ishirini na kilo arobaini na mbili, katika kituo kimoja cha afya upande wa Geita. Sare ndogo kuliko zote ilinipwaya mabegani. Wagonjwa waliniuliza mama yangu amelazwa wodi ipi. Nilikuwa na hasira za karibu na nilichukia kuonewa huruma, kwa hiyo muuguzi mfawidhi aliponitazama juu hadi chini na kuniuliza kama nitaiweza wodi ya wanaume, nilijibu ndiyo kabla hajamaliza. Akasema atanipima mwezi mmoja. Nikishindwa, nitahamia dirisha la kuandikishia wagonjwa.

Humo wodini alikuwamo mchimbaji aliyeangukiwa na kifusi ndani ya duara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu. Uti wa mgongo ulikuwa umevunjika, na hospitali ya rufaa ilimrudisha auguzwe karibu na kwao. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakuwa na hisia. Alipaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, ngozi isije ikaoza kwa kulaliwa, na kila akigeuzwa tuliweka alama kwenye karatasi iliyoning'inia kitandani. Zamu ya usiku walikuwa wanaume wawili, waliomgeuza kwa mwanga hafifu wa tochi. Mchana nilikuwa peke yangu, na yeye alikuwa pande la mtu.

Siku ya kwanza nilimsukuma mpaka nikalowa jasho. Alisogea kidogo, kisha akarudi chali.

"Andika tu, mdogo wangu," aliniambia kwa upole. "Huku chini mimi sisikii kitu."

Nikaandika. Kesho yake nikaandika tena.

Msaada ulikuwapo, umekaa barazani. Mke wake alikuwa amejifungua huko kijijini Kharumwa, bado hatoki nje, kwa hiyo aliyekuja kumuuguza mgonjwa ni mama mkwe wake, mwanamke mwenye mikono iliyozoea jembe, ambaye angeweza kutubeba mimi na mgonjwa. Lakini mimi ni Msukuma. Nimelelewa nikijua kwamba mama mkwe haingii anapolala mkwewe, sembuse kumshika kiuno akiwa hana nguo. Uji aliuacha mlangoni, akageuka, nami nikaupeleka kitandani. "Mwangaluka, mayu," nilimsalimu kila asubuhi kwa Kisukuma, nikimwita mama, na zaidi ya salamu hiyo sikumwomba kitu. Nilijiambia ni heshima. Ilikuwa heshima kweli, ila kiburi nacho kilikuwamo, maana hata mfawidhi sikumwambia kwamba nimeshindwa.

Siku ya tisa harufu ndiyo iliyotuumbua. Mfawidhi alimgeuza mwenyewe, akaniita nitazame kidonda ambamo ngumi yangu ingeingia yote. Kisha akaisoma ile karatasi. Alama zangu zilikuwa zimepangana vizuri, hakuna hata moja iliyokosekana.

"Alikuwa ananigeuza, sista," mgonjwa alidakia.

Nikasema hapana, sikuwa namgeuza.

Mfawidhi hakunifokea, wala sikufukuzwa. Nilitamani nifukuzwe. Tangu siku hiyo yeye mwenyewe alikuja kushika upande wa pili wa shuka, tukawa tunamgeuza wawili, lakini kidonda kilikuwa kimeshafika mfupani na homa haikukubali dawa. Wiki ya tatu akafariki, asubuhi, nikiwa namlowanisha midomo kwa pamba.

Mama mkwe alikuja kuchukua mfuko wa nguo za marehemu. Sikuweza kumkabidhi ule mfuko nikanyamaza. Nilipiga magoti barazani nikamweleza yote: saa mbilimbili, alama za uongo, na jinsi nilivyokuwa namsukuma mkwewe bila kumweza. Alisikiliza huku akikunja shati la marehemu, akalikunjua, akalikunja upya.

"Hapo mlangoni nilikuwapo siku zote," alisema. "Kwa nini hukuniita?"

"Yule alikuwa mkweo, mayu."

Akaliweka shati ndani ya mfuko.

"Ungeniita, mwanangu. Ningefumba macho nikavuta."