Kichwa Kisichoteleza

Jina lake halisi lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Mtaa mzima ulimwita Bi Picha. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na moja, na studio yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la dawa, ambamo alipiga picha za paspoti, za mahafali na mara mojamoja za maharusi. Kazi ya kuupiga picha ukuta hakuwahi kuisikia, na alipopewa alicheka.

"Ukuta hautikisiki, haufumbi macho, wala hautalalamika kwamba umetoka mnene," alimwambia shangazi yake. "Hii ni riziki ya mteremko."

Ulikuwa ukuta wa nyuma wa jengo la ghorofa nne ambamo shangazi alipanga, chini kabisa. Ulikuwa umefanya nyufa. Wapangaji walilalamika mpaka injinia akaja, akaukagua, akamwagiza mwenye nyumba kwamba kila Jumatatu upigwe picha kutoka mahali palepale, kwa wiki nane. Bi Picha akaomba ruhusa kwa jirani wa ng'ambo ya uchochoro, akapaka alama tatu nyeupe kwenye saruji ya ua wake, moja kwa kila mguu wa tripodi.

Wiki ya tatu, kwenye kompyuta, aliilaza picha mpya juu ya ile ya kwanza. Hazikukubaliana. Madirisha ya ghorofa ya nne yalitoka na kivuli pembeni, kama mtu aliyepigwa picha akigeuka.

Hakushtuka, alimjua mbaya wake. Kichwa cha tripodi, kile kinachobeba kamera, kilikuwa cha gololi, kinachozunguka juu ya mpira wa chuma, tena kikongwe, na kila akifunga lenzi nzito kiliinama polepole kama mlinzi anayesinzia. Hata injinia alipopigiwa simu hakumung'unya maneno.

"Mama, kichwa chako kinateleza. Tafuta kisichoteleza. Mimi nasafiri, nikirudi nizikute picha safi."

Muuza kamera alikuwa mtu mwembamba aliyevaa miwani kwenye paji la uso. Alimwekea kichwa kipya, chepesi, kinang'aa.

"Chukua hiki cha gololi, mama. Skrubu moja tu, umemaliza."

"Nilichonacho ni cha gololi."

"Hicho babu. Hiki mjukuu, ana nguvu."

"Basi tumpime mjukuu."

Akakifunga kwenye tripodi ya dukani, akaweka kamera na lenzi yake nzito kuliko zote, akailenga herufi moja kwenye bango la ng'ambo ya barabara. Akaagiza chai, akainywa bila haraka. Alipochungulia tena, herufi ilikuwa imepanda juu kidogo ya katikati. Kamera ilikuwa imeinama.

"Mjukuu karithi usingizi," alisema.

Kichwa cha pili kilikuwa na mikono mitatu, kila mmoja na upande wake. Kilikaa vizuri, ila kila alipokaza mkono herufi iliruka kidogo, kama mtu anayekubali jambo halafu akameza nusu ya neno. Akakirudisha. Ndipo muuzaji akainama chini ya meza, akatoa kitu kizito kama jiwe la kusagia.

"Hiki cha gia hakuna anayekitaka. Kimeshatumika, kizito, na polepole kama foleni ya ofisini. Mgongo wako usije kunilaumu."

Bi Picha alizungusha kitasa chake. Herufi ilisogea unywele mmoja, ikatulia pale alipoiacha. Alikunywa chai ya pili. Haikusogea. Akakibeba kwenda nacho nyumbani, amefurahi kama mtu aliyepata mfanyakazi asiyedanganya.

Jumatatu iliyofuata alipiga picha pana zaidi, ikaingia nguzo ya umeme iliyokuwa kushoto mwa jengo na tangi la maji la jirani kulia. Jumatatu ya pili yake alipiga ileile, kisha akazilaza picha mbili pamoja.

Nguzo ilikaa juu ya nguzo. Tangi lilikaa juu ya tangi. Ukuta peke yake haukukaa juu ya ukuta.

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akarudi uani, akailenga ile nguzo kwa saa nzima. Kwa mara ya kwanza maishani alimwomba Mungu kitu alichonunua kiwe kibovu. Kilikuwa kizima.

Simu ya injinia haikupatikana, akamtumia picha. Alimkuta mwenye nyumba uchochoroni, akimsimamia fundi aliyekuwa kwenye jukwaa la mbao akipaka plasta juu ya nyufa.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta, Bi Picha. Ndiyo naziba."

"Mzee, shida si ufa. Ukuta wenyewe unahama."

"Wewe kazi yako kubonyeza. Kuusoma ukuta waachie wenye shule."

Akaenda kwa shangazi. Mlango ulikwama, ukafunguka kwa bega. Chini palikuwa na vumbi la mbao.

"Seremala kauranda mara mbili mwezi huu," shangazi alisema. "Unyevu, mwanangu."

"Unyevu gani, shangazi, na mvua hatujaiona wiki ngapi?"

Akamwonyesha kamera, akizibadilisha picha mbili mbele na nyuma. Ukuta ukawa unakwenda na kurudi, kama kifua cha mtu aliyelala.

"Unachezea mashine."

"Sichezei. Tazama nguzo. Tazama tangi. Sasa tazama dirisha la Mama Mapacha, jirani yako wa juu."

Shangazi alitazama kwa muda mrefu. Alijifunga kanga kiunoni, akatoka, akaanza kugonga milango ghorofa baada ya ghorofa, Bi Picha nyuma yake na kamera. Wengine waliwatania. Jumatano injinia akajibu kwa maneno matatu: "Wote watoke leo." Hapo waliotania nao wakabeba magodoro.

Alhamisi, saa nne asubuhi, Bi Picha alisimama kwenye alama zake. Injinia alitaka picha nyingine. Fundi bado alikuwa juu ya jukwaa, maana mwenye nyumba alikataa katakata kumsimamisha. Bi Picha alipochungulia kwenye kamera, dirisha la juu lilianza kuteleza taratibu kuelekea ukingo wa picha. Mkono wake ulikwenda wenyewe kukikaza kitasa. Kilikuwa kimekaza. Akainua macho, akapiga ukelele, na sauti yake ikamezwa na kishindo.

Fundi alitolewa kifusini hai kabla ya adhuhuri, mguu umesagika. Mwenye nyumba, mweupe kwa vumbi, alisimama uchochoroni akirudia, "Nilikuwa naziba." Vyumbani hamkuwa na mtu.

Shangazi alihamia kwa Bi Picha. Wiki ile wapangaji walikuja studio mmoja mmoja, kwani vitambulisho vyao vilifukiwa na kila ofisi ilidai picha mpya. Aliwapiga picha wote. Mama Mapacha ndiye aliyeshindwa kutulia. Kila gari zito lilipopita barabarani aligeuka kuutazama ukuta wa nyuma yake. Bi Picha hakumharakisha. Alingoja mpaka gari likapita, na alipogundua kwamba hata yeye mwenyewe anautazama ukuta, akamwomba ainue kidevu.