Siku Baba Alipojitaja Marehemu

Harufu ya sabuni ya kipande ikichanganyika na nguo nzito iliyolowa hunirudisha Ganda, nje kidogo ya mji wa Malindi, katika miaka ya themanini, nilipokuwa darasa la pili na baba yangu yuko kidato cha pili. Sijakosea kuandika. Watoto wenzangu baba zao walikuwa wakulima, wavuvi, au wapishi katika mahoteli ya Wataliano. Wangu alikuwa mwanafunzi. Asubuhi tulitoka nyumbani pamoja, mimi na gauni langu la buluu, yeye na kaptula ya kaki iliyombana mapaja, vitabu kwapani, ndevu amezinyoa mpaka kidevu kinang'aa. Tulipofika njia panda yeye alishika ya misheni nami nikashika ya shule ya msingi, na hapo ndipo wenzangu waliponingojea. "Sidi, wewe na babako nani atamaliza shule kwanza?" Waliniuliza hivyo karibu kila siku, na kila siku walicheka upya. Mimi niliona haya mpaka masikio yakawaka. Kwetu mtu mzima havai kaptula, labda akiwa shambani, na mtu mwenye mke na mtoto hapigi magoti mbele ya mwalimu kuomba ruhusa ya kwenda msalani.

Namna alivyoingia shule ni hivi. Baba alikuwa mkata mkonge huko Kilifi, na siku za mapumziko alikwenda Jilore kwa mama yake. Siku moja ya mvua alikuta gari la misheni limezama kwenye tope la njia ya Jilore, na pembeni yake amesimama Mzungu mrefu mwenye nywele nyekundu, amechafuka mpaka kiunoni. Huyo alikuwa Bruda Kolumu, mtawa Muayalandi, mwalimu wa hesabu katika shule ya misheni na kichaa wa mchezo wa raga. Baba aliinamia bampa ya nyuma, akasukuma, gari likatoka. Bruda hakusema asante kwanza. Alimwangalia mabega, kisha akamuuliza amesoma mpaka wapi. Baba alikuwa amepita mtihani wa darasa la saba vizuri sana, lakini baba yake alikufa mwaka uleule, na yeye ndiye mtoto pekee. Basi akaenda mkongeni. Bruda akamwambia aje shuleni, atasoma bila karo, naye atacheza raga.

Kulikuwa na vikwazo viwili. Shule haikupokea mtu aliyeoa, na mashindano ya shule za Pwani hayakuruhusu mchezaji aliyevuka miaka ishirini. Baba alikuwa ameivuka zamani. Bruda alijua yote mawili, maana alikuja kwetu akakaa juu ya kigoda, akala sima na mchicha wa nazi, na mama akamnawisha mikono. Alipomaliza kula alisema kwa Kiswahili chake kilichonyooka, "Shuleni kuna Karisa tu. Mambo ya nyumbani yabaki nyumbani." Mama aliondoa vyombo. Baba aliitikia haraka, kabla ya kuulizwa. Alichokitaka yeye ni cheti cha kidato cha nne, akae kwenye meza ya afisi, mikono yake ipumzike na miiba ya mkonge. Raga ndiyo iliyokuwa karo yake. Siku wakimtoa kwenye timu, darasani pia ametoka.

Jezi zilikuja kutoka Ayalandi ndani ya gunia, zikinuka vile vidonge vyeupe vya kufukuzia mende. Zilikuwa za kijani, za mikono mirefu, nzito ajabu, zimeshonwa kwa ajili ya watu wanaocheza kwenye baridi na mvua, si kwa jua la Malindi. Bruda alisema ni jezi za timu ya mji wao, na hakuchoka kuwahadithia vijana jinsi timu hiyo ilivyochukua ubingwa alipokuwa mtoto, wachezaji wakabebwa mabegani na mji mzima ukalia. Alipofika hapo yeye mwenyewe macho yalimlowa, na vijana walikonyezana. Mama ndiye aliyezifua. Kila Jumapili kamba iliyotoka kwenye mti wa mkanju hadi jikoni ililemewa na kijani kitupu, na mimi nilipita chini yake nikidondokewa na matone. Ile ya baba, yenye namba nane mgongoni, mama aliisugua mara mbili.

Msimu ule hawakushindwa. Uwanja wa misheni ulikuwa udongo mwekundu na mbigili, na kabla ya mazoezi wachezaji walikaa chini kuchomoana miiba nyayoni kwa pini. Lakini walipokwenda kwa wenye nyasi na viatu, waliwapiga. Baba hakuwa na mbio sana. Kazi yake ilikuwa kuchukua ule mpira wenye umbo la yai, kuukumbatia, na kutembea nao mbele huku watoto wa watu wamemning'inia kiunoni na miguuni. Jina lake lilienea mpaka Vitengeni. Ganda nzima ilijua na ikaificha siri, nami niliagizwa, nikienda uwanjani, nimwite kaka Karisa. Sikuona tabu hata kidogo, na hilo linanichoma mpaka leo. Baba wa kaptula alikuwa fedheha, lakini kaka wa namba nane alikuwa sifa. Nilimwita "kaka" kwa sauti kubwa, mbele ya walewale walionicheka njia panda, na nikageuka kuona kama wamesikia.

Aliyeshindwa ni mama. Kwetu mke hamtaji mumewe kwa jina. Humwita kwa jina la mtoto, na tangu nizaliwe baba alikuwa Baba Sidi, hana jina jingine kinywani mwake. Mimi nami nilipewa jina la hawe, yaani nyanya mzaa baba, kwa hiyo baba aliniita "mayo," mama yangu, na alinisalimu kwa heshima hata nilipokuwa na kamasi. Bruda alimwomba mama ajifunze kusema "Karisa" kama mashabiki wengine. Mama alijaribu jikoni peke yake, nilimsikia, akaishia kucheka kwa aibu. "Haitoki, Bruda," alimwambia. "Ulimi unakataa." Basi msimu mzima alisimama kando ya mstari amefunga kinywa kwa pembe ya leso, wanawake wengine wakipiga vigelegele.

Fainali ilichezwa Malindi mjini, na shule moja ya Mombasa. Watu walijaa mpaka juu ya kuta. Mama alinishika mkono kwa nguvu hata vidole vikafa ganzi. Mpaka karibu na mwisho walikuwa sare, halafu baba akachukua mpira karibu kabisa na mstari wa wale wa Mombasa, akaanguka nao ng'ambo ya mstari, na wachezaji wa pande zote wakamwangukia juu. Refa alipuliza filimbi kukubali pointi. Uwanja ulilipuka. Wachezaji wakainuka mmoja mmoja, na yule wa chini kabisa hakuinuka. Alilala kifudifudi, mkono mmoja umekunjika chini ya tumbo. Kelele zikapungua. Ndipo nikasikia sauti ambayo msimu mzima haikusikika.

"Baba Sidi! Baba Sidi wee, inuka!"

Baba aliinuka. Alikuwa amekatika pumzi tu. Alisimama, akajipangusa uso, akatutazama, na nikaona amejua kwamba jina lile limesikika. Mpira ulikwisha bila pointi nyingine. Walikuwa wameshinda, lakini mwalimu wa timu ya Mombasa, mtu wa Pwani aliyeyajua mambo ya Pwani, alikuwa tayari amesimama mbele ya meza yenye kombe, anamnong'oneza afisa wa michezo.

Afisa yule alikuwa mtu wa bara, mpole, amevaa tai kwenye lile joto. Alitujia akiwa na mwalimu yule, na watu wakatuzunguka. "Nani Sidi hapa?" aliuliza. Nilinyoosha mkono. Darasani ukitajwa jina unanyoosha mkono. Aliinama akaniuliza, akimwonyesha baba kwa kidole, "Huyu ni nani wako?" Nilifungua kinywa niseme kaka kama nilivyofundishwa, lakini kaka asingeitwa Baba Sidi, na baba alijua hivyo kabla yangu. Akasema yeye.

"Ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Baba yake alifariki. Kwetu baba mdogo ni baba, ndiyo maana shemeji yangu ananiita hivi."

Baba hakuwa na kaka. Bruda Kolumu aliyajua hayo, na alisimama hatua chache tu kutoka pale. Nilimwangalia, nikangoja aseme neno. Aliangalia viatu vyake. Mama aliivuta leso ikamfunika uso mzima, na afisa, alipoona vile, alifikiri kwamba ameutonesha msiba. "Pole sana, mama," alisema. "Tusamehe. Hatukujua." Watu waliotuzunguka nao wakasema poleni, poleni, na mwanamke mmoja nisiyemjua akanipapasa kichwa. Yule mwalimu wa Mombasa aliinama, naye akatoa pole. Afisa akatuma soda ya machungwa iletwe, baridi, akanikabidhi kwa mkono wake mwenyewe. Nilisema asante. Niliinywa yote mpaka mrija ukapiga kelele, baba yangu amesimama mbele yangu mzima, anatoka jasho, na mimi nakunywa soda ya matanga yake.

Walipewa kombe. Walirudi kwenye lori la misheni wakiimba njia nzima, na Bruda aliimba nao nyimbo za kwao, akilia kama alivyosema mji wao ulilia. Baba alikaa pembeni mwa lori, kombe wanampa analipitisha kwa mwingine. Sisi tulirudi kwa miguu. Mama hakuitoa leso usoni mpaka tulipofika nyumbani, na Jumapili ile hakufua jezi.

Kesho yake tulikwenda Jilore, na habari ilikuwa imefika kabla yetu. Hawe alitungojea mlangoni, mwanamke mfupi asiyependa kelele. Alimkalisha baba chini mbele yake, akachukua maji ya kata, akayajaza kinywani, akamtemea kifuani, mara ya kwanza na ya pili, akiyaambia maneno yale yatoke yaende zake, mwanawe hajafa. Kisha akamuuliza, "Umejizika mbele ya mtoto mwenye jina langu. Umelipwa nini?" Baba alisema, "Kombe, mayo." Hakukuwa na dharau katika jibu hilo. Alikuwa anajibu alichoulizwa. Hawe aliondoka akaingia ndani, naye baba akabaki amekaa pale na shati lililolowa kifuani. Niliona haya kwa ajili yake kuliko nilivyowahi kuona haya ya kaptula, na sikujua niipeleke wapi haya ile.

Wiki iliyofuata baba aliikunja jezi namba nane, akairudisha misheni. Bruda alimfuata mpaka kwetu, akamsihi. Alimwambia jambo limekwisha, hakuna atakayeuliza tena, miaka miwili tu anapata cheti. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. "Bruda, siwezi kukaa darasani nami ni marehemu," alisema, na akatabasamu, maana hakuwa mtu wa kugombana. Bruda naye alisema kwamba siku ile alitaka kusema neno. Baba akamjibu, "Najua," akamsindikiza hadi kwenye gari. Mwisho wa mwezi alirudi mkongeni Kilifi, na huko alikaa mpaka mikono ikakataa. Asubuhi nilikwenda shule peke yangu. Pale njia panda hakuna aliyenicheka tena, na ningetoa chochote nichekwe.

Kitu kimoja hakikurudi. Baba hakuniita tena "mayo." Aliniita Sidi, kwa upole, kama anavyoitwa mtoto wa jirani. Nadhani aliona amepoteza haki ya neno lile. Mimi sikumuuliza, na kadiri miaka ilivyopita ikawa vigumu zaidi kuuliza. Nilisoma, nikapata cheti alichokitaka yeye, na leo nakaa kwenye meza ya afisi Kilifi. Kuna siku mtu wa makamo hunijia na fomu nimsaidie kuijaza, nami huishika kalamu nikihisi nimekaa kwenye kiti cha mtu.

Baba sasa ni mzee, anaishi kwangu. Juzi mwanangu alikuwa anatazama raga kwenye televisheni, fainali ya ubingwa huko Ulaya, na timu mojawapo ilikuwa ya Ayalandi, watu wa kulipwa, majitu yenye ndevu, jezi za kijani kilekile. Baba alisogeza kiti. Mchezo mzima mkono wake ulikuwa unakaza na kulegea juu ya goti. Waayalandi walishinda. Halafu, kabla ya kupewa kombe, geti la pembeni likafunguliwa, na watoto wao wakaingia uwanjani wakikimbia. Vitoto vidogo, vimevaa jezi zinazoburura chini. Yule namba nane, pande la mtu, damu bado puani, aliinama akamnyanyua binti mdogo, akamweka begani, akavua nishani yake akamvika. Dunia nzima inaona. Binti alimshika baba yake masikio ili asianguke.

Baba aliangalia mpaka wakaanza matangazo ya biashara.

"Kumbe inaruhusiwa," alisema.

Mwanangu alicheka, akamuuliza babu nini kinaruhusiwa. Baba alinigeukia mimi, akanyoosha kikombe chake kitupu, akasema, "Mayo, niongezee chai." Nilikipokea kwa mikono miwili. Nilikwenda jikoni, nikasimama mbele ya birika, na ilinichukua muda kabla sijaweza kurudi na kile kikombe.